Njiti Anayelala Tu: Namna ya Kumwamsha na Kumlisha Nyumbani

Swali linaloulizwa kuliko yote na akina mama waliotoka wodini na njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza miezi yake, ni hili: "Mtoto wangu analala tu, nimwamshe au nimwache?" Mwamshe. La pili hufuata papo hapo: "Nikimwamsha anavuta mara mbili tatu, analala tena. Nifanyeje?" La tatu si swali, ni amri ya bibi au jirani aliyekuja kutoa hongera: "Mwacheni mtoto apumzike. Mtoto mzuri huyu, halii!"

Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni akishikwa na njaa atakuamsha hata uwe umechoka namna gani. Njiti hana nguvu hiyo bado. Njaa inamkuta usingizini, na badala ya kulia anazidi kuzama. Kwa hiyo utulivu wake usiuchukulie kuwa ni shibe. Mpaka atakapokomaa, kinachomlisha ni saa, si kilio chake.

Mwongozo huu ni wa mama ambaye mtoto ameshapewa ruhusa ya kurudi nyumbani, anapumua vizuri, na ananyonya ziwa au anakunywa kwa kikombe. Kama bado analishwa kwa mpira wa puani, au umepewa ratiba na kiasi maalumu hospitalini, fuata ulichopewa. Wao wanamjua mtoto wako, mimi simjui.

Kabla ya yote: huu ni usingizi au ni ugonjwa?

Mvue nguo abaki na nepi, mweke kifuani kwako, msugue nyayo na mgongo kwa dakika chache huku unamsemesha. Njiti mwenye usingizi wa kawaida atakunja uso, atavuta mguu wake, atanung'unika, hata kama macho hafungui. Ukiunyanyua mkono wake unauona una ubishi kidogo. Mgonjwa amelegea: mkono ukiuachia unaanguka tu, nyayo unazisugua na yeye wala hashtuki.

Mpeleke hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya:

- Haamki kabisa, au anajitikisa pale tu unapomgusa kisha anatulia tena.
- Alikuwa ananyonya, sasa amekataa milo miwili mfululizo.
- Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia. Au mbavu zinabonyea ndani, au anaguna kila akitoa pumzi.
- Anasimama kupumua, au ulimi na fizi vinageuka rangi ya bluu au kijivu. Kwa mtoto mweusi usiangalie ngozi, angalia ndani ya mdomo.
- Joto limepita 37.5, au limeshuka chini ya 36.5 na halipandi baada ya saa moja ya kumbeba kifuani. Likiwa chini ya 35.5 usisubiri hiyo saa moja.
- Degedege, hata ndogo: jicho linakodoa upande mmoja, mdomo unatafunatafuna bila kitu, mkono unarukaruka na hautulii ukiushika.
- Rangi ya njano imefika viganjani na nyayoni. Mtazame kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya ndani inaficha.
- Anatapika kijani, tumbo limevimba na kukaza, au kuna damu kwenye choo chake.
- Kitovu kimekuwa chekundu au kinatoa usaha.

Safarini mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo zako. Njiti aliyefungwa blanketi peke yake kwenye bajaji anaweza kufika hospitali akiwa wa baridi, na hapo unakuwa umeongeza ugonjwa wa pili.

Kwa ufupi, kwa nini analala hivi

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba. Akiba ya mafuta na sukari mtoto huiweka zaidi katika wiki za mwisho tumboni, na yeye wiki hizo hakuzipata. Akiruka mlo, sukari ya damu inashuka, ikishuka analegea, akilegea analala zaidi, akilala hali. Baridi nayo inamfanya vivyo hivyo, maana chakula kidogo alichopata anakimaliza kwa kujipasha joto. Tena kuna ufundi wenyewe wa kunyonya: kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34, na hata hapo anachoka upesi.

Wanaodanganya zaidi ni wale wa wiki 35 na 36. Wanaweza kuwa na kilo mbili na nusu na sura ya mtoto aliyetimia, na wengi wanakabidhiwa kwa mama siku ileile kama mtoto mwingine yeyote. Baada ya siku chache mama anashtuka mtoto ni wa njano na nepi ni kavu. Kama wako ni wa wiki hizo, usiseme haya hayakuhusu.

Vitu vya kuandaa

- Simu yenye alamu, na daftari na kalamu vinavyokaa kitandani.
- Kipimajoto cha kidijitali. Duka la dawa lolote la mjini wanacho.
- Kanga mbili (leso, kwa walio Mombasa) au kitenge kirefu cha kumfungia kifuani, pamoja na kofia na soksi zake.
- Vikombe vidogo viwili vyenye mdomo laini. Kile cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji, chenye alama za mililita, kinafaa sana.
- Sirinji ya ml 10 isiyo na sindano, ya kupimia maziwa.
- Chombo safi chenye kifuniko cha kukamulia.
- Mtu wa pili: mume, mama, mdogo wako, yeyote atakayekaa nawe wiki za mwanzo. Usione aibu kumwomba. Kazi hii inafanyika mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo, na mwili wako bado unauguza uzazi.

Chupa yenye chuchu ya plastiki iache dukani. Ni ngumu kuisafisha, maziwa yanaganda kwenye pembe zake na kuzaa vijidudu, na yanatoka kwa kasi ambayo njiti haimudu, anapaliwa. Kikombe unakiosha kwa sabuni na maji ya moto kikaisha.

Hatua za kufuata

1. Panga saa. Mlishe kila baada ya saa 3 mchana na usiku, na kila baada ya saa 2 kama bado ni mdogo sana au uzito unasuasua. Kwa saa 3 ratiba ni rahisi kukariri: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6 mchana, saa 9, saa 12 jioni, saa 3 usiku, saa 6, saa 9. Hiyo ni milo minane. Tegesha alamu zote nane na usizizime.

Muda unahesabiwa tangu alipoanza kunyonya, si tangu alipomaliza. Akianza saa 3 na kumaliza saa 3 na nusu, mlo unaofuata ni saa 6. Akiamka mwenyewe saa 5, mpe saa 5, wala usimwambie angoje. Ratiba inazuia pengo kuwa refu, haimzuii mwenye njaa.

2. Hakikisha ana joto kabla ya kumlisha. Gusa tumbo na nyayo zake kwa mgongo wa kiganja. Vyote viwili vya vuguvugu, endelea. Tumbo lina joto lakini nyayo za baridi, ameanza kupoteza joto: mweke kifuani kwanza. Vyote vya baridi, mpime. Kinachotakiwa ni kati ya 36.5 na 37.5.

Namna bora ya kumpasha ni kangaruu: mtoto na nepi, kofia na soksi tu, kifua chake kwenye kifua chako kati ya maziwa, kichwa kimegeuzwa upande na kimeinuka kidogo ili shingo isikunje njia ya hewa, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha kanga inafungwa kwa kukaza. Njia hii ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu ya uhaba wa vifaa na msongamano wa watoto, na leo inatumika hata kwenye hospitali zenye kila kitu. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito chini ya kilo 1.8 walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi, kwa asilimia 25, kuliko waliosubiri hali itulie kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku. Ukiwa nyumbani lenga nyingi kadiri unavyoweza. Baba naye ana kifua, na chako kikichoka chake kinafaa kabisa.

*Onyo la jiko la mkaa.* Njombe, Mbeya, Iringa, Limuru, kote kwenye baridi, familia huingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Usifanye hivyo. Moshi usioonekana wa mkaa ni sumu, unaua mama na mtoto usingizini, na dalili yake ya mwanzo kwa mtoto ni usingizi uleule unaojaribu kuupima hapa. Pwani kosa huwa kinyume: Januari ya Dar es Salaam au Tanga, mtoto amevikwa sweta na mablanketi matatu, anatoka jasho, amelegea kwa joto. Mpunguzie nguo.

3. Mwamshe kwenye usingizi mwepesi. Kuanzia kama dakika 20 kabla ya saa yake, mchungulie. Usingizi wa njiti unapanda na kushuka. Ukiwa mzito, uso umetulia, pumzi ni sawasawa na hakuna kinachocheza. Kumwamsha hapo ni kujichosha. Ukiwa mwepesi utaona mboni zinazunguka chini ya kope, mdomo unanyonya hewa, ulimi unachungulia, mkono unatafuta uso. Hizo ndizo dalili za njaa za njiti. Kilio kwake huja mwisho kabisa, au hakiji.

Ukiona hivyo, anza:

Mfungue kanga, mbadilishe nepi. Mkalishe wima mapajani mwako, mkono mmoja ukishika kidevu na kichwa, mwingine ukimsugua mgongo kutoka kiunoni kwenda juu. Msugue nyayo kwa dole gumba. Mwite, msemeshe kwa sauti ya kawaida. Sauti yako anaijua tangu tumboni. Punguza mwanga mkali, maana taa inayommulika usoni inamfanya afumbe macho zaidi. Kisha kamua matone mawili ya maziwa umpake mdomoni, akiyaonja mara nyingi ulimi utaanza kufanya kazi.

Mpe dakika 10 hivi. Akigoma na hana dalili ya hatari, mrudishe kangaruu, jaribu tena baada ya nusu saa. Ukifika pengo la saa 4 bila kunyonya, mpe maziwa uliyokamua kwa kikombe pindi anapokuwa macho hata kidogo. Akishindwa hilo pia, nenda hospitali.

Wapo wanaowanyunyizia watoto maji ya baridi usoni au kuwafinya. Maji ya baridi yanashusha joto ulilohangaika kulipata, na maumivu yanamfanya ajifunge zaidi.

4. Mweke ziwani vizuri. Mkao unaomfaa njiti ni ule wa kwapani: mwili wake unapita ubavuni mwako chini ya mkono, miguu inaelekea nyuma, kiganja chako kinashika shingo na sehemu ya chini ya kichwa. Shingo yake haijakomaa, na ukimlaza kwenye kiwiko kama mtoto mkubwa kichwa kinaning'inia nyuma na kumeza kunakuwa kazi. Mkao mwingine mzuri ni kumshika kwa mkono wa upande wa pili wa ziwa analonyonya. Waliojifungua kwa upasuaji wanapenda zaidi wa kwapani, mtoto halali juu ya kidonda.

Kama ziwa limejaa na kukaza, kamua kidogo kwanza mpaka lilainike. Mdomo wake ni mdogo, hawezi kushika kitu kigumu, na maziwa yakishuka kwa kasi yatampalia. Subiri afungue mdomo wazi, mlete yeye kwenye ziwa na siyo ziwa kwake, aingize chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ule weusi unaoizunguka. Kidevu kiguse ziwa.

Akishika na kuachia, akishika na kuachia, mtegemeze kidevu: ziwa likae kwenye kiganja chako, vidole vitatu vya mwisho vikilibeba kwa chini, halafu kidole cha shahada na dole gumba vikumbatie mashavu yake taratibu na kidevu kitulie kati yake. Watoto wengi wanaosemwa "hawezi kunyonya" walikuwa wanakosa egemeo hili tu.

5. Tazama taya, usitazame dakika. Hapa ndipo akina mama wengi wanapopotea. Mtoto anaweza kukaa ziwani dakika 40 asipate hata vijiko viwili. Anayekunywa kweli unamwona hivi: anavuta haraka haraka mara chache ili maziwa yashuke, kisha taya linafunguka chini kabisa, linasimama kidogo, unasikia "kha" ndogo ya kumeza, linapanda. Kituo kile kidogo kidevu kikiwa chini ndipo mdomo unapojaa maziwa. Atafanya hivyo mara kadhaa, atapumzika apumue, ataanza tena. Mapumziko ni yake, mwachie.

Anayejibembeleza tu kidevu chake kinatetemeka haraka kwa juu juu, hakuna kituo, hakuna sauti. Huyo hali.

6. Akisinzia ziwani. Kabla hujamtoa, bonyeza ziwa: lishike karibu na kifua, dole gumba juu na vidole chini, likamue taratibu mpaka umwone anameza, shikilia hapo, akiacha kumeza achia. Sogeza mkono sehemu nyingine urudie. Kazi ya kuvuta umemsaidia nusu. Hilo likiacha kufanya kazi, mtoe, mkalishe, mcheulishe, mhamishie ziwa la pili. Unaweza kurudi la kwanza.

Ukomo ni dakika 30 kwa mlo mzima, kikombe kikiwemo. Ukimlazimisha saa nzima anachoma nguvu nyingi kuliko anazoingiza, na mlo wa saa 3 zijazo utamkuta hoi.

7. Malizia kwa kikombe. Mpaka uzito uthibitishe kwamba ziwa peke yake linatosha, kila baada ya kunyonya mpe maziwa yako uliyokamua.

Mkalishe karibu wima mapajani, mfunge mikono kwa kanga isipige kikombe. Kiegemeze kwenye mdomo wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yaguse tu midomo. Basi, hapo simama. Ataramba au atafyonza mwenyewe. Usimimine kamwe, hata tone, mdomoni mwa mtoto aliyelala, maana yataingia mapafuni.

Kiasi? Njiti aliyevuka wiki ya kwanza na anayelishwa kwa kikombe peke yake huhitaji karibu ml 160 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Zidisha uzito kwa 160, gawa kwa idadi ya milo. Mwenye kilo 1.8: 1.8 × 160 ni 288, ukigawa kwa milo 8 ni ml 36 kila mlo. Ukigawa kwa 12 ni ml 24. Aliyenyonya ziwa vizuri kwanza atahitaji pungufu ya hapo, na ukiwa na shaka mpe nafasi ya kukataa mwenyewe. Siku za kwanza kabisa kiasi ni kidogo na kinapandishwa taratibu, hiyo kazi ni ya wodini. Kumbuka kupiga hesabu upya kila anapopimwa, kwa sababu ml 36 za wiki iliyopita ni njaa ya wiki hii.

Maziwa yako tu. Hakuna maji, maji ya sukari, asali, uji mwepesi wala dawa ya tumbo ya dukani. Tumbo lake ni dogo, na kila kijiko cha maji kimechukua nafasi ya kijiko cha maziwa. Kama maziwa yako hayatoshi, daktari ndiye wa kukuambia uongeze nini.

8. Kamua baada ya kila mlo. Mtoto anayevuta kwa udhaifu hauambii mwili wako utengeneze maziwa mengi. Mkono wako ndio utakaoyadai. Nawa, weka dole gumba na kidole cha shahada nyuma kidogo ya ule weusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Vidole visiteleze kwenye ngozi. Zungusha mkono ziwa lote. Lenga mara nane kwa siku, na ya usiku usiiache.

Maziwa yakikaa nje ya friji yatumike ndani ya saa 4, na pwani wakati wa joto usiyafikishe huko. Kwenye friji, kwa mtoto mdogo hivi, tumia ndani ya siku moja. Yapashe kwa kukizamisha chombo kwenye maji ya vuguvugu, usiyachemshe. Yaliyobaki kwenye kikombe alichokunywa yamwagwe, hata kama roho inauma.

Mama unayetumia ARV, hatua ni hizihizi. Endelea na dawa zako, na mtoto apate dawa yake ya kinga kwa saa uliyoelekezwa kliniki.

9. Mcheulishe, kisha mrudishe kifuani. Baada ya mlo akae wima kangaruu angalau nusu saa, maziwa yatulie. Ukimlaza kitandani, alale chali. Usimwogeshe kabla ya mlo, kuoga kunamchosha na kumpoza. Mpanguse kwa kitambaa cha vuguvugu na umkaushe papo hapo, mchana, dirisha limefungwa.

10. Andika. Saa, alivyonyonya, ml za kikombe, mkojo, choo. Usiku wa tatu bila usingizi hakuna mama anayekumbuka kama mtoto alikula saa 6. Kuanzia siku ya tano au ya sita tarajia nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, mkojo usio na rangi kali. Mpime kliniki kila wiki. Siku za kwanza uzito hushuka kidogo na wengi huurudia ule wa kuzaliwa wakikaribia wiki mbili. Baada ya hapo aongeze kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, yaani mwenye kilo 2 apate karibu gramu 200 kwa wiki. Daftari lako mpelekee nesi alione. Linamwambia mengi kuliko "ananyonya vizuri".

Mambo yakikwama

*Mchana analala, usiku yuko macho.* Ni kawaida, hajui bado mchana ni nini. Mchana mlishe sebuleni penye mwanga na maongezi, usiku gizani na kimya. Ratiba ni ileile pande zote mbili.

*Anapaliwa kila akianza.* Maziwa yanashuka kwa nguvu. Kamua ya mwanzo pembeni, kisha mnyonyeshe wewe ukiwa umeegemea nyuma, yeye akiwa juu ya kifua chako. Akibadilika rangi wakati wa kunyonya, hilo si la kujaribu nyumbani, mpeleke.

*Ananyonya vizuri asubuhi, jioni hataki.* Amechoka. Milo ya jioni anza na kikombe, ziwa lifuate kwa dakika chache. Punguza wageni pia. Mtoto aliyepita mikono sita tangu saa 9 hana nguvu za kunyonya saa 12.

*Uzito umesimama wiki nzima.* Rudi kwenye hatua ya 5 na ya 7. Mara nyingi utakuta mtoto alikuwa anakaa ziwani bila kumeza, au kiasi cha kikombe hakikupandishwa. Ongeza milo iwe kila saa 2 na umwone daktari siku hiyohiyo au kesho yake. Upungufu wa damu nao huwachosha njiti, kwa hiyo muulize kuhusu dawa ya madini chuma. Huanza wiki chache baada ya kuzaliwa, kwa kipimo cha daktari.

*Ana manjano kidogo na analala zaidi ya jana.* Viwili hivi vikija pamoja usivitenganishe, na usimwanike juani ukadhani umetibu. Njiti hudhurika na manjano ya kiwango ambacho mtoto mkubwa angekivumilia. Apimwe damu.

*Pua imeziba.* Hawezi kunyonya na kupumua kwa mdomo kwa pamoja. Tone moja la maji ya chumvi ya dukani kila tundu, subiri dakika mbili, mlishe. Mwenye mafua nyumbani akae mbali naye, hata akiwa bibi.

*Mapacha: Kulwa anaamka, Doto haamki.* Akiamka mmoja, mwamshe na mwingine, vinginevyo utalisha saa 24 bila kuweka kichwa chini. Kila mmoja awe na ukurasa wake wa daftari, na anayelala zaidi aanze yeye, wakati wewe bado una nguvu.

Lini uache kumwamsha

Usihesabu kwa siku ya kuzaliwa, hesabu kwa mimba. Aliyezaliwa wiki ya 32 na sasa ana wiki 5, kwa ukomavu ni mtoto wa wiki 37. Tarehe yake ya makadirio ya kuzaliwa bado haijafika. Wengi huanza kudai wenyewe karibu na tarehe hiyo. Ngoja mambo matatu yakutane: tarehe imefika au imepita, anaamka mwenyewe kabla ya alamu milo mingi ya siku, na uzito umepanda vizuri wiki kadhaa mfululizo. Muulize na nesi wa kliniki.

Kisha achia pengo moja tu, la usiku, litoke saa 3 liwe saa 4, mengine yabaki. Mpime baada ya wiki. Uzito ukipanda kama kawaida, achia la pili. Ukisimama, rudisha lile pengo la usiku liwe saa 3 na ungoje wiki mbili zaidi.